Imla kwa mashine arobaini na mbili

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilikuwa ghorofa ya nne ya chuo kimoja katikati ya jiji la Nairobi; jina lake liko kapuni. Mbele yangu kulikuwa na kompyuta 42 za mezani, zile ex-UK ambazo Moi Avenue na Luthuli zimejaa tele, kila moja imeongezewa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Kazi ilikuwa kufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya kwenye zote kabla wanafunzi hawajarudi Jumatatu. Tuliziwasha kwa mpigo kutoka kwenye seva, kwa njia iitwayo maltikasti, zikajiunga, mistari ya maendeleo ikaanza kutambaa kwenye skrini zote. Dakika ya nne ikapita. Kisha zote zikaganda kwa pamoja, kama darasa lililomwona mwalimu mkuu mlangoni.

"Mkubwa, zimekwama tena," akasema kijana anayesimamia maabara.

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na mara zote tatu saa ya simu yangu ilisoma dakika nne na sekunde ishirini hivi. Siku iliyotangulia tulikuwa tumejaribu kwa mashine tano, kazi ikaisha chini ya dakika tatu bila kasoro. Kijana alikuwa ameshakata shauri kwamba seva imezidiwa. Mimi nilikuwa nimeanza kuishuku ile saa. Kitu kinachokufa kwa kuzidiwa hakichagui sekunde ya kufa. Kinachokatika kwenye sekunde ileile mara tatu kina ratiba yake.

Nitairudia ratiba hiyo. Kwanza tuelewane maltikasti ni nini, maana wengi wetu huiwasha kwa sababu menyu imeitaja, na huizima kwa hasira siku hiyohiyo.

Aliyesoma shule ya msingi hapa kwetu anakumbuka imla. Mwalimu anasoma sentensi mara moja, darasa zima linaandika. Sasa mfikirie mwalimu asiyejua njia hiyo: anakwenda dawati la kwanza, anamsomea Achieng' sentensi yote, anahamia kwa Kamau, anaanza upya, hadi dawati la arobaini na mbili. Hiyo ndiyo yunikasti, na ndivyo faili nyingi zinavyosafiri mtandaoni kila siku. Upande mwingine kuna brodikasti: mwalimu anashika kipaza sauti cha gwarideni na kuisomea shule nzima, pamoja na mpishi aliye jikoni na madereva walio getini, wote wakiacha shughuli zao kusikiliza jambo lisilowahusu. Maltikasti ni katikati ya hayo: inasomwa mara moja, na wanaosikia ni wale waliojiandikisha kwenye darasa hilo tu.

Faida yake inaonekana ukishika kalamu. Chukua taswira ya mfumo, yaani nakala kamili ya diski iliyokwisha kutayarishwa na programu zake zote, yenye uzito wa gigabaiti 15 ikiwa imebanwa. Kebo ya gigabiti moja (biti nane ni baiti moja) hupitisha kiasi cha megabaiti 110 kwa sekunde ukiondoa gharama za njiani. Kuwasomea 42 mmojammoja, au hata wote sambamba wakigawana kebo ileile ya seva, ni gigabaiti 630, na hiyo ni zaidi ya saa moja u nusu hata kila kitu kikienda sawa. Kwa maltikasti ni gigabaiti 15 tu, ziwe mashine mbili au mia mbili: dakika mbili na robo. Ndiyo maana zana zote za kazi hii zina njia hiyo. FOG na Clonezilla, ambazo ni za bure na ndizo nizionazo zaidi kwenye maabara zetu, zote huegemea programu ndogo iitwayo udpcast. Microsoft nayo iliweka yake kwenye WDS, huduma yake ya kusambaza Windows kwa mtandao, tangu Windows Server 2008.

Lakini imla ina sheria moja ambayo kila aliyewahi kuwa darasani anaijua: mwalimu haendi kwa kasi ya mwanafunzi hodari. Anakwenda kwa kasi ya yule anayelamba ncha ya penseli huku akiuliza, "Mwalimu, baada ya 'hata hivyo' umesema nini?" Karibu kila utakalofanya ili kuharakisha maltikasti ni kumtafuta huyo. Kuongeza nguvu ya seva ni kumpa mwalimu sauti nzuri zaidi. Aliyechelewa atabaki amechelewa.

Swichi inajuaje nani anasikiliza?

Hapa ndipo mambo mengi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maltikasti tunayoitumia leo ilipewa umbo mwaka 1989, Steve Deering alipoandika RFC 1112, mmoja wa waraka za viwango vya intaneti. Wazo lake ni kwamba anwani inaweza kuwa ya kundi badala ya mashine. Anwani zote kutoka 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 ni za makundi. Hakuna kompyuta inayomiliki anwani hizo. Kompyuta inajiunga na kundi, inasikiliza, kisha inajitoa. Kujiunga huko hufanywa kwa itifaki ya IGMP: mashine inatoa tangazo fupi lenye maana ya "nami nimo kwenye kundi hili."

Tangazo hilo kwa asili lilikusudiwa ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Swichi ya kawaida, kile kisanduku ambamo kebo za mashine zote huchomekwa, haikualikwa kwenye mazungumzo hayo. Ikipokea pakiti, yaani kipande cha data, ya kundi na haijui ni ya nani, inaimwaga kwenye poti zote, matundu yake yote ya kebo, na maltikasti yako inageuka kuwa kipaza sauti cha gwarideni. Printa ya ofisi ya karani inapokea mfumo wa kompyuta wa megabaiti 110 kwa sekunde. Simu za mezani zinakatikakatika. Nimewahi kuitwa kwenye jengo ambamo kamera za ulinzi zilikuwa zinazimika kila mara fundi wa maabara alipofanya kazi yake, na hakuna aliyekuwa ameunganisha mambo hayo mawili.

Dawa yake ni swichi inayodukiza. Swichi za kusimamiwa, zile zenye menyu ya mipangilio, zina kipengele kinachosikiliza matangazo ya IGMP yanayopita, kikaandika daftari: poti ya 3 imo kundini, poti ya 9 imo, poti ya 20 haimo. Kwenye menyu kimeandikwa "IGMP Snooping". Ukikiwasha, pakiti za kundi zinakwenda kwa waliojiandikisha tu.

Na hapa ndipo pana mtego uliotukamata Jumamosi ile. Daftari la swichi halikai milele. Mashine inaweza kuzimwa bila kuaga, kwa hiyo kila jina lililoandikwa lina muda wa kuisha, na mwenye wajibu wa kuuhuisha ni muulizaji. Muulizaji ni kifaa, kwa kawaida ruta, ambacho kila baada ya sekunde 125 hutangaza: "Nani bado yumo?" Mashine zinajibu, swichi inasikia majibu, jina linaongezewa muda. Lisipojibiwa kwa vipindi viwili na nyongeza ya sekunde 10, linafutwa. Mara mbili 125 ni 250, ongeza 10, unapata sekunde 260.

Sekunde 260 ni dakika nne na sekunde ishirini.

Maabara ile ilikuwa kisiwa. Swichi mpya, seva, kompyuta, basi. Hakuna ruta inayojali maltikasti. Fundi aliyetangulia alikuwa amewasha udukizi, jambo jema, ila hapakuwa na wa kuuliza swali. Mashine zilijiandikisha zilipoingia, hakuna aliyeziuliza tena, zikanyamaza. Swichi ikahesabu sekunde zake, ikahitimisha kuwa darasa ni tupu, ikafunga mlango mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Seva ikaendelea kurudia pakiti ambazo hazikuweza kumfikia yeyote.

Tiba ilikuwa ya dakika mbili. Swichi nyingi za kusimamiwa zinaweza kuvaa kofia ya muulizaji zenyewe. Tafuta neno "Querier" kwenye ukurasa uleule wa udukizi, liwashe, na hakikisha swichi ina anwani ya IP kwenye VLAN ya maabara, yaani fungu la mtandao lililotengewa maabara, kwa sababu nyingi hazikubali kuuliza bila anwani. Tukianzisha kwa mara ya nne, dakika ya nne ikapita, ya tano ikapita. Kijana akaninunulia soda.

Swali zuri la kujiuliza ni kwa nini jaribio la mashine tano lilifaulu kwenye swichi ileile. Lilifaulu kwa sababu liliisha kabla ya sekunde 260. Kwa maneno mengine, kosa la muulizaji lilikuwepo tangu mwanzo, likafichwa na kasi. Zilipoingia mashine 42 kazi ikawa ya polepole, na polepole hiyo ndiyo iliyolifichua. Kulikuwa na makosa mawili, na tulikuwa tumetibu moja. Nilipotazama skrini ya seva baada ya soda, kasi ilikuwa megabaiti 11 kwa sekunde.

Jambo moja dogo kuhusu anwani kabla ya kwenda kwa hilo la pili. Kwa kazi za ndani chagua anwani inayoanza na 239, maana fungu hilo limetengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi. Ila usichague 239.0.0.1 kwa kupenda wepesi wake. Anwani ya kundi ikigeuzwa kuwa anwani ya kadi ya mtandao, ni biti 23 za mwisho tu zinazochukuliwa, na ukiacha 4 za mwanzo ambazo ni zilezile kwa makundi yote, zile 5 zinazobaki hupotea. Matokeo yake makundi 32 tofauti hushiriki anwani moja ya kadi. 239.0.0.1 inaangukia mahali pamoja na 224.0.0.1, kundi la "wote mliopo", ambalo swichi huwa inalimwaga kila poti hata udukizi ukiwa umewashwa. Hali ni hiyohiyo kwa 239.128.0.1. Chagua kitu kama 239.10.20.5 na utalala usingizi. Nimeona watu wakibadilisha swichi nzima nzima kwa sababu ya tarakimu hizo.

Yule anayelamba penseli

Megabaiti 11 au 12 kwa sekunde si nambari ya kubahatisha. Ni sauti ya kebo ya megabiti 100. Ukiiona kwenye mtandao unaodai kuwa wa gigabiti, usiguse seva. Nenda ukatafute poti iliyoteremka.

Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Megabiti 100 inatosheka na jozi mbili. Kwa hiyo waya mmoja ukilegea kwenye kichwa cha RJ45, au ukikatika mahali ambapo mguu wa meza umeikalia kebo, mara nyingi kadi na swichi hukubaliana kimyakimya kushuka hadi 100. Mtumiaji wa kawaida hatajua kamwe. Barua pepe zitafunguka, YouTube itacheza. Ila kwenye maltikasti poti hiyo moja inawashusha wote 42 hadi 100, kwa sababu mwalimu hasomi sentensi ya pili hadi wa mwisho amemaliza ya kwanza. Gigabaiti 15 kwa kasi hiyo ni dakika 22.

Kwenye swichi nyingi rangi ya taa inakuambia: kijani kwa gigabiti, chungwa kwa iliyo chini yake, au kinyume kulingana na mtengenezaji. Ukurasa wa hali ya poti kwenye menyu ni wa kuaminika zaidi, au amri ya `ethtool` kwenye mashine yenyewe ikiwa imewashwa kwa Linux. Mimi hupitia orodha hiyo kabla ya kuanza, si baada ya kukwama. Ni dakika tatu. Kebo zenye alumini ndani iliyopakwa shaba kwa nje ni za kutazamwa kwa jicho la pekee. Zinakatika ovyo kwenye kona na hazipendi kubanwa upya.

Poti zote zikiwa safi, anayefuata kushukiwa ni diski. Taswira ya gigabaiti 15 iliyobanwa ikifunguliwa inaweza kuwa 30, na zote 30 lazima ziandikwe. SSD hata ya bei ya chini inaweza. Diski ya kuzunguka iliyozeeka, inayoandika megabaiti 60 kwa sekunde siku ikiwa na afya, itachukua zaidi ya dakika nane, na kila mtu ataisubiri. Ikiwa imeanza kufa, yenye sekta mbovu, itasimama kwa sekunde kadhaa kila inapozigusa, na skrini 42 zitasimama nayo. Ukiona maltikasti inayokwenda vizuri, inasimama, inakwenda, inasimama, bila mpangilio wa saa, weka sikio karibu na mashine moja moja. Diski inayokufa hugonga.

Kisha kuna kichakataji. Kubana taswira ni biashara nzuri: baiti chache mtandaoni, kazi zaidi kwa anayefungua. Mashine za miaka kumi na zaidi zinaweza kushindwa kufungua kwa kasi zinazopokea, hasa taswira ikiwa imebanwa kwa kiwango cha juu. Hapa kuna uamuzi ambao watu wengi hawaufanyi: kati ya njia mbili za kubana, zstd hufunguliwa kwa kasi kubwa kuliko gzip, hata pale ilipobana zaidi. Kwa sababu taswira inabanwa mara moja na kufunguliwa mara 42, umiza mashine moja wakati wa kuibana, wapumzishe wengine. Kama zana yako inaruhusu zstd, sioni sababu ya kubaki kwenye gzip.

Njia ya kumpata mwenye kuchelewa, orodha ya poti ikiwa haijamtaja, ni kugawa nusu kwa nusu. Mashine 21 za kwanza, pima. Mashine 21 za pili, pima. Nusu iliyo polepole igawe tena. Katika majaribio machache umebaki na mtu mmoja. Inachosha, lakini ni haraka kuliko kubadilisha mipangilio gizani alasiri nzima.

Pakiti zinazopotea, na namna ya kuzirudia

Maltikasti hupanda UDP, na UDP ni barua isiyosajiliwa: inatumwa, na aliyeituma haambiwi kama imefika. Kwa nyimbo au video pengo dogo halidhuru. Kwa mfumo wa kompyuta, baiti moja iliyokosekana ni faili lililoharibika. Kwa hiyo udpcast huweka utaratibu wake juu: inatuma fungu la pakiti, inauliza kila mpokeaji kama amepata zote, aliyekosa anataja alichokosa, kinarudiwa kwa kundi zima, kisha fungu linalofuata. Kurudiwa kwa kundi zima maana yake ni kwamba hasara ya mmoja inalipwa na wote.

Kwenye skrini ya mtumaji kuna mstari unaobadilika: baiti zilizotumwa, halafu neno `re-xmits` na asilimia yake pembeni. Huo ndio mpigo wa moyo wa kazi nzima. Mimi nikiona uko chini ya asilimia moja huketi. Ukipanda na kuendelea kupanda, kuna mahali panapomwaga pakiti, na kuna mambo machache ya kutazama.

La kwanza ni kusukuma kupita kiasi. Seva yenye kadi ya gigabiti 10 ikiachiwa itamwaga kwa mikupuo ambayo poti za gigabiti moja haziwezi kuimeza. Bafa ya swichi, yaani chumba chake cha kungojea, inajaa, pakiti zilizobaki zinatupwa. Weka kikomo. Kwenye udpcast ni `--max-bitrate`, na mimi huanza na 700m kwa mtandao wa gigabiti, nikapanda taratibu hadi asilimia ya marudio ianze kutikisika. Inashangaza mwanzoni, ila kupunguza kasi ya kutuma mara nyingi humaliza kazi mapema: usomaji wa taratibu usiorudiwa hushinda usomaji wa mbio unaorudiwa mara tatu.

La pili ni ukubwa wa pakiti. Fremu ya kawaida ya Ethaneti, yaani bahasha ya data kwenye mtandao wa kebo, hubeba baiti 1500, ambapo 28 ni za vichwa vya IP na UDP, zikibaki 1472. Programu ikituma vipande vya kilobaiti 8, kila kimoja kitakatwa vipande sita njiani, na kikipotea kimoja kati ya sita, vingine vitano vilivyofika salama vinatupwa pia. Hasara ndogo inakuzwa. Udpcast kwa chaguo lake hutumia 1456, na sijawahi kupata sababu ya kuigusa. Fremu kubwa za baiti 9000 zinavutia kwenye karatasi, ila zinadai kila kadi na kila swichi njiani izikubali, na kwenye maabara ya mashine za kuokotezwa hilo ni kujitafutia kesi.

La tatu ni kinga ya dhoruba, "Storm Control" kwenye menyu. Swichi nyingi huja na uwezo wa kupunguza brodikasti na maltikasti zikizidi kiwango fulani, ili kitanzi cha kebo kisiuangushe mtandao. Kwa swichi, taswira yako haina tofauti na dhoruba. Dalili yake ni kasi inayogota kwenye nambari moja na kukataa kusogea hata ukibakia na mashine mbili nzima. Inua kiwango kwa poti ya seva wakati wa kazi, kisha kirudishe.

La nne ni pakiti za kuomba subira za 802.3x. Poti iliyozidiwa inaweza kumwambia anayetuma asimame kidogo. Kwa mazungumzo ya wawili ni adabu nzuri. Kwa kundi, poti moja ya megabiti 100 inaweza kumsimamisha mtumaji kwa niaba ya wote. Wapo wanaoziwasha na wapo wanaozizima. Mimi huzizima na kumshughulikia mwenye kuchelewa.

Pale hasara ikiwa ndogo lakini haikomi, au wapokeaji wakiwa wengi kiasi kwamba maombi ya marudio yenyewe yanakuwa kelele, kuna mbinu ya pakiti za kufidia, `--fec` kwenye udpcast. Mtumaji anaongeza pakiti chache za ziada zilizokokotolewa kutokana na zile za kweli. Kwa mpangilio wa 8x8/128, kila pakiti 128 huongezewa 8, na mpokeaji aliyepoteza zozote zisizozidi 8 katika fungu hilo anazijenga upya mwenyewe bila kuuliza. Unalipa kama asilimia 6 ya upana wa njia. Kwenye maabara yenye kebo nzuri sioni haja nayo.

Mengine kwa haraka. Usifanye kazi hii kwa Wi-Fi. Kituo cha Wi-Fi hutuma pakiti za kundi kwa kasi ya msingi, mara nyingi megabiti 6 au chini, bila kupokea uthibitisho wowote. Gigabaiti 15 zako zitachukua zaidi ya saa tano zikifika. Mashine zikiwa kwenye VLAN tofauti na seva, kumbuka udpcast hutuma kwa TTL, yaani idadi ya hatua pakiti inazoruhusiwa, ya 1, na pakiti ya TTL 1 hufia kwenye ruta ya kwanza. Utahitaji `--ttl` kubwa zaidi na PIM, itifaki ya kupitisha maltikasti, kwenye ruta, au, kwa maoni yangu, utahitaji tu kubeba seva na kuichomeka kwenye VLAN ileile. Mashine zikishindwa hata kuanza kwa PXE, yaani kuwaka kupitia mtandao, tazama spanning tree, kinga ya swichi dhidi ya vitanzi vya kebo: inaweza kuishikilia poti kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua, na PXE nyingi hukata tamaa mapema kuliko hapo.

Swichi zilizounganishwa kwa mnyororo, moja ikining'inia kwenye nyingine kama tunavyozoea, safari hii hazitakuumiza. Kwenye yunikasti, kebo inayounganisha swichi mbili hubeba nakala ya kila mashine iliyo ng'ambo. Kwenye maltikasti hubeba nakala moja. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika teknolojia hii.

Stima nayo. Ikipotea dakika ya kumi, UPS, betri ya akiba, ya seva haikusaidii kitu kama kompyuta 42 zimezima. WDS ina namna ya kumpokea aliyechelewa: anajiunga katikati, anachukua kilichobaki, kisha anasomewa mwanzo alioukosa. Tangu Windows Server 2008 R2 inaweza hata kugawa darasa katika mikondo hadi mitatu kwa kasi, au kumtoa mzembe peke yake. Udpcast ya kawaida haina uvumilivu huo. Aliyekosa mwanzo hasubiriwi. Kwa hiyo kwenye majengo ambayo stima yake naijua tabia, nagawa mashine makundi ya ishirini ishirini. Ikipotea, napoteza kundi moja.

Na kwa mashine tatu au nne usijisumbue na lolote kati ya haya. Tumia yunikasti, itakwisha kabla hujapata ukurasa wa udukizi kwenye menyu.

Turudi ghorofa ya nne, kwenye megabaiti 11. Nilifungua orodha ya poti. Arobaini na moja zilisoma 1000. Poti ya 17 ilisoma 100. Tukaifuata kebo kwa mkono chini ya meza za safu ya tatu hadi kwenye mashine iliyoegemezwa ukutani. Kichwa cha RJ45 kilikuwa kimevunjika ulimi, na mtu alikuwa amekifunga kwa selotepu ili kisichomoke. Sikuwa na kibanio cha kuweka kichwa kipya siku hiyo, wala kijana hakuwa nacho. Nikaichomoa kebo, nikairudisha seva kwenye idadi ya wapokeaji 41, tukaanza. Marudio yalikaa kwenye sufuri nukta tatu. Dakika mbili na sekunde hamsini baadaye skrini 41 zilikuwa zinajiwasha upya.

Ile ya 17 tuliihamishia kwenye meza ya mlangoni, kebo nzima, tukaisomea peke yake.